Jiji Likitaka Kusitisha Vibali vya Nyumba Mpya: Mambo ya Kupima Kabla ya Tangazo

Bomba likikauka mtaa mzima kwa wiki mbili, au masika yakirudisha majitaka hadi sebuleni, hoja moja huanza kusikika kwenye vikao vya madiwani: tusitishe ujenzi wa nyumba mpya kwanza, tupange, ndipo tuendelee. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini ikipitishwa kwa pupa huumiza watu kwa miaka, na Afrika Mashariki tunayo mifano ya kutosha ya zuio lililozaa mpango na ya zuio lililozaa mapagale.

Tuanze na maana yake. Zuio la muda ni tangazo la mamlaka ya upangaji kwamba katika eneo lenye mipaka iliyotajwa, kwa kipindi kilichotajwa, haitapokea maombi au haitatoa vibali vya aina fulani ya ujenzi. Huo si utwaaji wa ardhi. Hati inabaki ya mwenyewe. Si amri ya kubomoa. Wala si mabadiliko ya matumizi ya ardhi, ingawa mara nyingi huyatangulia. Wananchi huyachanganya haya, na mamlaka huchangia mkanganyiko zinapoyatangaza yote katika mkutano mmoja wa hadhara, kana kwamba ni jambo moja.

Sababu halali ya zuio ni hesabu ambayo haikufanywa

Chukua kiwanja chenye nyumba ya familia ya watu 6. Tukikadiria lita 120 za maji kwa mtu kwa siku, nyumba hiyo inahitaji lita 720. Ibomoe, jenga ghorofa lenye nyumba 60, kila moja watu 4. Sasa kuna watu 240 wanaohitaji lita 28,800 kwa siku, mara 40 ya mahitaji ya awali, kutoka bomba lilelile la mtaa. Wahandisi wa maji huchukulia kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka kama majitaka. Kiwanja hicho basi kinazalisha kama lita 23,000 za majitaka kila siku. Pasipo na mtandao wa majitaka, hizo ni zaidi ya safari mbili za gari la kunyonya la lita 10,000, siku zote, sikukuu ikiwemo. Gharama hiyo ikimshinda mwenye jengo, husubiri mvua inyeshe usiku na kufungulia karo, yaani shimo la majitaka, kwenye mtaro wa barabara.

Viwanja kumi vya namna hiyo kwenye barabara moja havijengwi kwa mkupuo. Kila kimoja huja na mchoro wake, mhandisi wake na kibali chake halali. Ofisi hukagua kama jengo litasimama, kama limeacha nafasi mipakani, kama lina maegesho. Swali la jumla, yaani barabara hii na bomba hili vinaweza kubeba majengo mangapi, halina meza yake. Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi zilibadilika hivyo, kutoka nyumba za bustani hadi maghorofa marefu, kiwanja baada ya kiwanja. Zuio linapotumiwa vizuri, kazi yake ni kusimamisha uamuzi wa kiwanja kimoja kimoja hadi jumla ikokotolewe na kuingizwa kwenye mpango na kanuni.

Kama tatizo si la jumla, zuio si dawa. Mtu anayejenga kingoni mwa mto nchini Tanzania tayari anakabiliwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Kumsimamisha huyo hakuhitaji kumfungia pia jirani yake aliye mita 800 juu ya mlima. Nchini Kenya, mkazi anayepinga mradi mmoja anaweza kupeleka leseni yake ya mazingira mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, linaloamua kesi za namna hiyo, ndani ya siku 60. Ofisi inayokimbilia zuio la kata nzima kwa sababu imeshindwa kumgusa mjenzi mmoja mwenye nguvu inawaadhibu wasiohusika.

Kigamboni: zuio bila mwisho

Oktoba 2008 Serikali ya Tanzania ilitangaza sehemu ya Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, kuwa eneo la kupangwa mji mpya. Eneo la awali lilikuwa hekta 6,494, likigusa kata kama Kigamboni, Tungi, Vijibweni na Mjimwema. Uendelezaji ulizuiwa ili mpango uandaliwe. Miaka ikapita. Mpango ulichorwa na kuchorwa upya, mipaka ikapanuliwa, wakala maalumu wa kuendeleza mji huo ukaundwa, fedha za fidia kwa kiwango kilichohitajika hazikupatikana. Aprili 2016 daraja lilifunguliwa na watu wakavuka kwa magari, lakini mji uliochorwa haukuwepo. Hatimaye wakala ule ulivunjwa na upangaji ukarudi kwa manispaa.

Kwenye makaratasi huo ni mradi uliochelewa. Kwa mwenye nyumba, ni tofali na nondo. Boma lililofika usawa wa lenta halikujengwa kukaa bila paa. Mvua za kwanza hulainisha udongo wa msingi upande usio na jamvi. Mvua za pili hukwangua plasta ya viungo kati ya matofali, hasa pale fundi alipobana saruji. Nondo za milimita 12 zilizoachwa zimechomoza kwenye nguzo kusubiri ghorofa huanza kumenyeka kutu. Kutu hutanuka, zege linalozishika hupasuka, na nyufa hizo huingiza maji zaidi. Mbao za kenchi zilizokwisha kununuliwa hupinda au huliwa na mchwa. Siku kibali kikirudi, fundi hashauri kuendelea pale mlipoishia. Anashauri kukata juu na kuanza tena, na mara nyingi yuko sahihi.

Upande wa benki, mthamini huangalia ardhi inaruhusiwa kufanyiwa nini leo. Ardhi isiyoruhusiwa kuendelezwa, wala haijulikani itafunguliwa lini, ni dhamana dhaifu hata kama hati ni safi. Ndiyo maana mauzo huhamia kwenye makubaliano ya kuandikishana pembeni, kwa bei ya hasara, na mnunuzi huwa ni mwenye uwezo wa kusubiri. Zuio refu huhamisha ardhi kutoka kwa wenye haraka kwenda kwa wenye subira ya fedha. Kwa maoni yetu hili ndilo dhara lake kubwa, na ni nadra kuandikwa kwenye ripoti.

Mukuru: zuio lililobebwa na kazi

Agosti 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Sheria ya mipango ya wakati huo, Sura ya 286, iliruhusu kusimamisha uendelezaji kwa muda usiozidi miaka miwili hadi mpango uidhinishwe. Ni makazi ya kaya zaidi ya 100,000, na sehemu kubwa ya ardhi ina hati za watu binafsi, zilizotolewa kwa ajili ya viwanda. Tishio lililokuwepo lilikuwa kubomolewa na kujengewa juu kabla mtu hajajua nani anaishi wapi.

Tofauti na Kigamboni ni kwamba kazi ilikuwa imeanza kabla ya tangazo. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa makazi duni, pamoja na vyuo vikuu na mashirika washirika, walikuwa wamekwisha kukusanya takwimu za kaya, bei ya maji, umeme na umiliki wa ardhi. Baada ya tangazo, mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika makundi ya kazi: nyumba na miundombinu, maji, usafi wa mazingira na nishati, ardhi, afya, elimu, fedha, mazingira, na uratibu wa jamii. Wakazi walipangwa kuanzia ngazi ya kaya kumi kumi, ili ujumbe ushuke na maoni yapande.

Suala gumu kuliko yote lilikuwa upana wa barabara. Viwango vya kawaida vya mipangomiji, vikilazwa juu ya makazi yaliyobanana kiasi hicho, vingeondoa sehemu kubwa ya watu waliokusudiwa kusaidiwa. Ilibidi viwango vyenyewe vijadiliwe: barabara chache pana za magari ya zimamoto na ya taka, na vichochoro vingi vyembamba vinavyotosha bomba na mtembea kwa miguu. Mazungumzo ya namna hiyo hayawezekani ikiwa kila wiki kuna msingi mpya unamwagwa katikati ya barabara inayojadiliwa. Hapo zuio lililipa. Kuanzia 2020 barabara za lami na mabomba yalianza kuingia.

Hata hivyo, mwishoni mwa 2021 maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha. Msomaji alishike hili: zuio linamzuia mtu kujenga, halimlindi mtu asibomolewe. Ulinzi huo lazima uandikwe peke yake.

Nani anaguswa kwa kweli

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la watu kama 100,000 kila mwaka. Tukichukua watu 4 kwa kaya, kila miezi 12 kaya 25,000 hutafuta pa kulala. Hazisitishwi na tangazo. Zikikosa chumba ndani ya eneo la zuio, zitapandisha kodi ya vyumba vilivyopo, zitabanana wawili wawili, au zitasogea pembezoni ambako hakuna bomba wala mpango.

Kuna jambo jingine ambalo miji ya ulaya na Marekani hailijui kwa kiwango chetu. Zuio hufanya kazi kwenye meza ya vibali, ilhali sehemu kubwa ya nyumba zetu hazijawahi kupita kwenye meza hiyo. Anayesimama ni yule aliyekuja na michoro, aliyelipa ada, aliyepima kiwanja. Asiyekuja anaendelea kumwaga zege Jumamosi usiku. Zuio lisilo na usimamizi wa ngazi ya mtaa linageuka kuwa kodi kwa watiifu. Kabla ya kupitisha hoja, madiwani waulize: wakaguzi wa ujenzi wako wangapi, wana gari, wana mafuta ya wiki ngapi, na mtendaji wa mtaa akiona tripu ya mchanga inashushwa amripoti nani ndani ya saa ngapi? Kama majibu hayapo, zuio lisitangazwe.

Kuhusu bei, kuna mfano wa San Francisco. Mwaka 2015 mtaa wa Mission ulipendekezewa zuio la miezi 18 kwa majengo ya nyumba za bei ya soko, kwa hoja kwamba majengo hayo yanawafukuza wapangaji wa kipato cha chini. Mchumi wa jiji alichambua pendekezo na kuona kwamba lingepandisha bei za nyumba kidogo jijini, wala lisingepunguza kwa kiasi cha kuonekana kufukuzwa kwa wapangaji. Wapigakura walilikataa Novemba mwaka huo. Hofu ya wapangaji ilikuwa ya kweli. Kilichokosewa ni chombo. Mpangaji hulindwa na mkataba, na notisi ya kutosha, na nyumba za kodi nafuu zinazojengwa kweli.

Saa ianze lini, iishe lini

Kosa la kawaida kuliko yote ni kutangaza zuio kwanza na kutafuta mshauri wa mpango baadaye. Zabuni ya umma ya kazi kama hiyo, kuanzia hadidu za rejea hadi mkataba kusainiwa, inaweza kula miezi minne hadi sita. Zuio la miezi 12 likianza siku ya kutangaza zabuni, nusu yake imekwisha kabla mtu hajapima mtaro mmoja. Ndipo nyongeza ya kwanza huombwa, kisha ya pili. Mkataba usainiwe, bajeti iwe imepitishwa, ndipo tangazo litoke.

Miezi 12 inatosha kwa kata chache ikiwa imegawanywa hivi: miezi miwili kuhesabu majengo, vibali vilivyotolewa na maombi yaliyo njiani, mitatu kupima uwezo wa mabomba, mitaro na barabara, miwili kuandaa rasimu ya mpango na kanuni za urefu wa majengo na asilimia ya kiwanja inayojengwa, miwili ya mikutano ya hadhara na kupokea pingamizi, miwili ya kamati, baraza na idhini, mmoja wa akiba. Kazi ya uwezo wa mabomba ndiyo huchelewa, kwa sababu ramani za mabomba ya zamani mara nyingi haziko kwenye karatasi bali kichwani mwa mafundi wa mamlaka ya maji wanaokaribia kustaafu. Waitwe wiki ya kwanza.

Jimbo la California lina utaratibu mzuri wa kuiga kwa umbo lake. Zuio la dharura huanza kwa siku 45 tu, na linahitaji kura nne kati ya kila tano za baraza. Linaweza kuongezwa miezi 10 na siku 15, kisha mwaka mmoja, na hapo ndiyo mwisho. Siku 10 kabla ya kila kipindi kwisha, baraza lazima litoe ripoti ya maandishi ya hatua zilizochukuliwa kuondoa tatizo. Siku 45 zile zina maana ya pekee: tetesi za zuio zikivuja, wenye fedha hukimbilia ofisini na michoro ya haraka, na jiji hujikuta limetoa ndani ya mwezi vibali vya mwaka. Zuio fupi la ghafla hufunga mlango huo, kisha mjadala wa wazi hufanyika kabla ya kuongeza. Na mahakama? Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Ziwa Tahoe kuhusu mazuio ya jumla ya miezi 32, iliamua kwamba zuio la muda peke yake si lazima lidai fidia, ila ikasema linalozidi mwaka mmoja litazamwe kwa mashaka.

Kenya ina mtego wake. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ombi la ruhusa ya uendelezaji lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabika limekubaliwa. Kaunti inayodhani inaweza "kusitisha" kwa kukaa kimya na kurundika mafaili inatoa ruhusa bila kujua, na bila kuweka masharti. Ombi lijibiwe, sababu ziandikwe, na mwombaji aambiwe ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya usuluhishi ya kaunti.

Tangazo lenyewe

Mwananchi akipewa tangazo la zuio, alisome kwa kutafuta vitu vifuatavyo. Mipaka: iwe ya barabara, mito na namba za vitalu, si "Kata ya fulani na maeneo ya jirani". Tarehe ya mwisho yenye siku, mwezi na mwaka. Maneno "hadi itakapotangazwa vinginevyo" ni ya kupingwa hapo hapo. Aina ya ujenzi unaozuiwa, kwa mfano majengo ya zaidi ya nyumba 4 au zaidi ya ghorofa 3. Hali ya waliokwisha kuanza: kipimo kinachofaa ni msingi uliomwagwa zege na kukaguliwa, si kibali kilicho kabatini wala rundo la mawe. Vibali vina muda wa kuisha, hivyo lazima isemwe kwamba siku za zuio hazihesabiwi humo. Na misamaha: ukarabati wa paa na nyufa, vyoo na makaro, njia za watu wenye ulemavu, zahanati, shule, na nyumba za kodi nafuu. Zuio linalomkataza mtu kujenga choo ni hatari kwa afya ya mtaa.

Ukiwa ndani ya eneo, piga picha za jengo lako pande zote, za ndani na za nje, wiki hiyo hiyo, zikionyesha hatua ya ujenzi, na uweke nakala za risiti za vifaa. Peleka barua ofisi ya mtaa na idara ya mipangomiji ukieleza jengo lilipofikia, na udai nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kama una boma wazi, omba kibali cha kuezeka kwa muda au kufunika vichwa vya kuta kwa tabaka la saruji. Nondo zilizochomoza zipakwe uji mzito wa saruji na kufungwa kwa nailoni. Mkataba wa fundi au mkandarasi uongezwe kipengele cha kusimama bila faini. Usinunue kiwanja ndani ya eneo bila kuandikiwa na idara kwamba kinahusika au hakihusiki.

Ikiwa zuio litafuatwa na utwaaji, mambo hubadilika. Nchini Tanzania fidia hujumuisha thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho za usumbufu, usafiri na makazi, na faida inayopotea. Sheria ya Uthamini ya 2016 imeweka ukomo: uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka miwili hupoteza uhalali na lazima ufanywe upya, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita huingia riba. Mthamini akipita, hakikisha umesaini fomu iliyojazwa kikamilifu, si iliyo wazi, na ubaki na nakala. Idadi ya miti, mita za ukuta na kina cha kisima vikaguliwe mbele yako na mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, siku hiyo hiyo, kabla gari la wathamini halijaondoka.